Tairi Nililolirudisha Kikuyu

Kila baada ya swala ya alasiri mmekuwa mkiniuliza yaliyonipata safarini, na kila mmoja nimempa kipande. Matokeo yake sasa kuna habari nne tofauti zinazozunguka Busi, na katika mojawapo nimelibadilisha gari kwa mke. Nimeona heri niandike yote kwa mkono wangu, asiyeweza kusoma asomewe, nami ninywe kahawa yangu kwa amani. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipeleka na kunirudisha. Namshukuru pia kwa kunionyesha njiani kwamba mtu anaweza kufundisha watu dini nusu ya umri wake na bado asijue cha kubeba ndani ya gari.

Chanzo mnakijua, ila naandika kwa ajili ya wajukuu pia. Magoti ya mke wangu, Bi Zainabu, yamegoma. Ngazi za basi hapandi. Mara ya mwisho kusafiri, wanaume wanne walimpakia kwenye lori kama gunia la uwele, mmoja akipiga kelele "mshike huko chini," na aliposhushwa aliapa kwamba hatabebwa tena mpaka siku ya jeneza. Dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, mjane, alikuwa akiishi Bahi, na magoti yake ni yale yale kwa kuwa ni ya ukoo. Kwa hiyo dada wawili waliolala kitanda kimoja utotoni walikaa miaka wakitumiana salamu na asali kwa watu wanaopita.

Kisha tukapata habari kwamba Hamisi, mtoto wa Bi Mwajuma, mwenye duka Tabora, anamchukua mama yake akaishi naye, na kwamba wangepanda treni pale Bahi Jumamosi jioni. Kwa magoti yale, Tabora ni nchi nyingine. Bi Zainabu hakulia. Alisema tu, "Basi mimi na dada tutaonana mbele ya haki," akaendelea kuchambua mchele. Mimi ningependa zaidi angelia.

Siku hizi za ruksa magari ya Wajapani yanaingia nchini kama mashati ya mitumba, na binti yetu Fatuma, aliye Dodoma, alikuwa amesikia kwamba kuna mama pale Kikuyu anauza gari dogo la familia, la viti saba. Nikaazimia kulinunua, nimpeleke Bi Zainabu Bahi kabla ya Jumamosi jioni. Habari za fedha naziruka. Aliyetoa ametoa.

Busi hadi Chemba, juu ya alizeti

Niliondoka Jumanne alfajiri juu ya lori la alizeti. Magunia ya alizeti ni laini kuliko viti vya basi, na mtu akipata njaa anatoboa. Mwenzangu huko juu alikuwa mbuzi mmoja mweupe, mtulivu, ambaye nilimdhania kuwa abiria wa mtu.

Kondoa mjini dereva, aitwaye Saidi, aliniita nishuke nikakae naye mbele. Nikadhani ni heshima kwa mzee. Kumbe alichokitaka ni ndevu zangu. Tulipofika Chemba alilisimamisha lori kando ya nyumba yenye watu wengi waliovaa nguo za Idd, akazima injini, akanitazama kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mwalimu," akasema, "naomba unisaidie kuniposea."

Mshenga wake alikuwa ameumwa tumbo ghafla, na wakwe walikuwa wamengoja tangu asubuhi. Jina la baba yake niliambiwa tukiwa tunavua viatu mlangoni. Niliingia, nikasoma Fatiha, nikaanza kuisifu tabia ya mtu niliyemjua tangu mapambazuko. Sikusema uongo. Nilisema nimesafiri naye na sijamwona akifanya baya lolote, na hilo lilikuwa kweli kwa mwendo wote niliokuwa nao. Mjomba wa binti aliuliza kama kijana anaswali. Nikajibu kwamba namna anavyoendesha, abiria wake wote huswali. Walicheka, na watu wakishacheka kwenye posa kazi imekwisha. Tukaletewa pilau.

Yule mbuzi mweupe alikuwa wa posa. Alipokabidhiwa, mjomba aliifungua kamba shingoni mwake, akaikunja vizuri, akanipa mimi niliyesimama upande wa muoaji. "Kamba yenu," akasema. Wageni wanaoweza kusoma haya waelewe: kwetu anayemtoa mnyama, awe ameuza au ametoa kwa posa, huondoka na kamba yake. Mnyama ni wa aliyempata. Kamba hurudi kwenye zizi ilikotoka, ili kilichoondoka kisiwe kimekatika kabisa na kwao. Nimefundisha tauhidi, najua kamba haina uwezo wowote. Lakini ni adabu, na sijapata kumwona muuzaji aliyeiacha wala mnunuzi aliyeing'ang'ania. Niliipokea kwa mikono miwili, nikajisikia mtu mwema sana, na kujisikia huko ndiko kulikoniponza.

Kwa ajili ya posa ile tulilala Chemba, na Jumatano yote ikaishia njiani.

Kikuyu

Alhamisi asubuhi Fatuma alinikabidhi kwa Elia, mtu wa makamo, Mgogo wa Bahi anayeishi Kikuyu, dereva, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa lake. Alikubali kuniendesha mpaka Busi, na kwa kuwa Bahi ni kwao, kutupeleka huko pia. Salamu zilipokwisha akaniuliza kama nitavumilia nyimbo zake. Nikamwambia nimevumilia mengi. Akasema yeye pia amewahi kuishi jirani na msikiti.

Mwenye gari aliitwa Mama Neema, mtumishi wa serikali, mwenyeji wa Kilimanjaro. Alinipa shikamoo nzuri, kisha akaanza kulisifia gari. "Mzee, hii gari iko very clean. Imetoka Japani moja kwa moja. Hata mapazia ni yale yale."

Kweli lilikuwa na mapazia madirishani, kama chumba cha bibi harusi. Mimi katika maisha yangu nimekagua ng'ombe tu, basi nikalikagua ninavyojua. Nililizunguka, nikalipiga kofi ubavuni, nikainama kutazama tumbo, nikanusa. Nikauliza kama linakula sana, kama ni kaidi asubuhi, na kwa nini anamtoa nyumbani. Mama Neema alijibu yote kwa subira: linakula kiasi, linaamka mara moja, na yeye amehamishiwa Dar es Salaam na watoto wako bwenini. Elia akaninong'oneza kwamba kama nataka kukagua na meno nisiende mbele, kwani injini iko chini ya kiti cha dereva.

Kisha nikaona kitu kilichonifanya nisahau mengine yote. Viti vya katikati vilikuwa vinazunguka. Unabonyeza kishikio, kiti kinageuka mpaka kinakutazama mlangoni, na ukitaka kinageuka kabisa kikatazama nyuma, uso kwa uso na walioko kule. Mtu angeweza kukaa akiwa bado ardhini, kisha akageuzwa na kiti chake, bila kubebwa na yeyote.

Nikaamua kulijaribu kama Bi Zainabu. Nilishika kiuno, nikavuta miguu, nikatoa miguno yake yote ninayoijua, na mimi naijua mingi, nikaketi na kusema "Ya Rabbi" kwa sauti yake. Mama Neema alikimbilia ndani. Nilidhani amechukizwa. Akarudi na maji kwenye glasi na jirani wawili, akamwambia Elia awashe gari mzee apelekwe hospitali. Ilichukua muda kuwaeleza kwamba magoti ni ya mke wangu, na mmoja wa wale jirani mpaka naondoka alikuwa ananitazama kwa huruma.

Tukakubaliana. Elia akaenda na dumu kutafuta mafuta. Huku nyuma Mama Neema, mtu wa utaratibu, akavitoa vitu vyote vya gari na kuvipanga barazani ili nivione: tairi la tano, jipya kabisa, jeki, spana ya magurudumu, mikeka ya kukanyagia, hata kimto cha mtoto.

Nikaviona. Nikaona kamba.

Nilimwambia hivyo ni vya nyumba yake, mimi nachukua gari tu. Akasema, "Hapana mzee, chukua, ni vya gari." Nikadhani ananistahi. Gari nililolinunua lilikuwa limeshasimama kwa miguu yake minne, na huyu mama ananipa kitu kipya kuliko vyote alivyoniuzia. Nani angechukua? Nililibingirisha lile tairi mwenyewe hadi sebuleni kwake, nikaliegemeza kabatini, jeki na spana nikaviweka kando yake, nikainua mikono nikaiombea dua nyumba ile isipungukiwe. Mama Neema aliitikia amina, na naamini alibaki pale akidhani mimi ni tajiri wa alizeti mwenye matairi yake ghalani.

Elia aliporudi, mlango wa sebule ulikuwa umefungwa nasi tumeshaagana. Hakuuliza. Nani huuliza kitu kama hicho?

Kikuyu hadi ng'ambo kidogo ya Mayamaya

Tulipita Makutupora, mizabibu huku na huku, Elia akiimba, mimi nikivuta tasbihi. Gari lilikwenda vizuri hata nikaanza kumpenda Mjapani asiyenijua. Tulipoiacha Mayamaya nyuma yetu, jua likiwa bado juu, kukasikika mlio, gari likainamia upande mmoja kama mtu aliyekanyaga mwiba. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka.

Elia alishuka bila wasiwasi, akaenda nyuma akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Akainama chini ya gari. Akafungua mlango wa nyuma, akainua zulia, akalishusha. Akaja mbele akasimama dirishani kwangu.

"Mzee, tairi la akiba liko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa utulivu, nikianzia Chemba, kwa mbuzi mweupe na mjomba wa binti. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye paa. Kwao pia wana desturi hiyo hiyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kamba, mzee," akasema. "Kamba. Huyu mama alikupa mguu."

Nikasema alhamdulillahi kwa kila hali. Akasema Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa tairi la tano, mimi nikalirudisha sebuleni. Akaenda kukaa juu ya jiwe, na kwa muda mrefu hakuimba chochote. Mimi nilikuwa nafikiria Jumamosi. Nilimwona Bi Zainabu akichambua mchele.

Magari mawili yalipita, yote yakielekea Kondoa, hakuna lenye tairi la saizi yetu. Watu wa kaya iliyo karibu walikuja na ng'ombe wao, wakatucheka, wakatukaribisha. Walikuwa Wagogo, Wakristo kama Elia. Chakula kilipoletwa niliuliza kwa upole nyama imechinjwa na nani. Mwenyeji wetu akafunua chungu akanionyesha: mlenda na maziwa ya mgando, na ugali wa uwele. "Mzee," akasema, "hapa nyama tunaiona ikitembea tu. Kula, hakuna aliyechinjwa." Nilikula nikashiba. Elia aliwasimulia habari ya kamba, nao waliicheka hadi mama mmoja akatoka nje. Bado walikuwa wanaicheka walipotutandikia ngozi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tumesimama barabarani na gurudumu bovu, tuliloling'oa kwa kuazima spana ya trekta na kuliinua gari kwa gogo, tukingoja basi lolote la kurudi Dodoma. Lililokuja lilikuwa linatoka Dodoma, kwenda Kondoa. Lilipotufikia lilipunguza mwendo. Kondakta alichungulia mlangoni, akatazama mapazia, akatazama kofia yangu.

"Wewe ndiye mzee wa Busi?"

Nikasema ndiye. Akateremsha tairi, likadunda, likabingirika mpaka miguuni pa Elia. Nyuma yake kikafuata kiroba: jeki, spana, mikeka, na kile kimto.

"Mama wa Kikuyu anakusalimu," kondakta akasema. "Jirani yake, Mgogo, amemweleza desturi yenu ya kamba. Anasema kwao ng'ombe anauzwa na miguu yake yote, na huyu alikuwa nayo mitano."

Elia alilikumbatia lile tairi. Kisha akaanza kuimba, na safari hii nilimsaidia kiitikio, sehemu zisizokuwa na matatizo kwa mtu wa dini yangu.

Busi, na kuondoka tena

Tulifika Busi Ijumaa jioni. Swala ya Ijumaa ilinipita, lakini msafiri ana udhuru wake, na mlioikumbuka nafasi yangu tupu nawashukuru, ingawa nasikia Sheikh wenu aliitumia kuweka kikapu.

Jumamosi tulitakiwa kuondoka alfajiri. Bi Zainabu alikuwa tayari tangu usiku. Waliochelewesha ni nyinyi. Kila mmoja wenu alikuja kulitazama gari, kila mmoja aliligonga ubavuni, na kila mmoja alileta kitu cha kupelekwa kwa mtu fulani Dodoma. Maboga, kuku, asali, mtungi. Wanaume wanne walewale wa lori walisogea wakikunja mikono ya mashati.

Nikawaambia wakae mbali. Nikabonyeza kishikio, kiti kikageuka kikamtazama mlangoni. Bi Zainabu akakitazama kwa shaka, akageuka, akashika ukingo wa mlango, akaketi. Miguu yake ilikuwa bado chini. Nikabonyeza tena, kiti kikamchukua taratibu, magoti yakiwa yameungana, mpaka akawa anatazama mbele kama abiria yeyote. Hakuna aliyemgusa.

Bi Zainabu alizitengeneza kanga zake. Kisha akasema, "Baba Fatuma, aliyetengeneza hiki kiti alikuwa na mama."

Maboga yale yalitugharimu siku. Tulishusha vitu kila mahali, na njia ilikuwa mbovu, na usiku ukatukuta Dodoma. Treni ya jioni ingekuwa imepita Bahi zamani. Tulilala kwa Elia. Jumapili alfajiri Bi Zainabu alisema tu, "Twende nikauone hata mlango wake." Elia aliacha kwaya yake akawasha gari. "Wewe umekosa Ijumaa, mimi nakosa Jumapili," akaniambia. "Hatudaiani."

Bahi

Barabara ya nyumbani kwa Bi Mwajuma inapita karibu na stesheni. Tulipofika hapo Elia alikanyaga breki. Watu walikuwa wamelala juu ya mizigo yao tangu jana. Treni ilikuwa haijafika. Mmewahi kumshukuru Mungu kwa uchelewaji wa treni yetu? Mimi nilishuka nikasujudu pale pale kwenye changarawe, na msafiri mmoja aliniambia nisiishukuru kabla haijaja.

Bi Mwajuma alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, fimbo yake ya kutembelea mkononi, Hamisi amesimama kando. Elia alirudisha gari kinyumenyume mpaka mlango ukawa mbele yake. Tukageuza kiti kilichobaki, akaketi, tukakigeuza kikamtazama mdogo wake. Magoti mabaya manne yakagusana.

"Zainabu," akasema, "umenenepa."

"Na wewe umebaki masikio."

Kisha Bi Mwajuma akanigeukia mimi. "Shemeji, bado hujafa?" Nikamwambia namngoja yeye atangulie, mkubwa hutangulizwa. Akavuta pazia usoni pangu. Bi Zainabu akavuta la upande wa pili. Baada ya hapo tulisikia vicheko, na ukimya, na vicheko tena.

Treni ilikuja karibu na adhuhuri. Hamisi alikwenda dirishani. "Mama, treni."

"Iambie ipite," pazia likajibu.

Ngazi za behewa zilikuwa juu, na wanaume wanne, sijui kwa nini kila mahali huwa wanne, walikuwa wameshasogea kumbeba. Pazia lilifunguka kidogo, jicho likawatazama, pazia likafungwa. Hamisi alisimama pale na tiketi mbili mkononi. Alishaifunga nyumba ya mama yake, alishawaaga majirani kwa ajili yake. Alikuwa mtoto mwema, na uso wake ulionyesha.

"Mama mdogo," akamwambia Bi Zainabu kupitia pazia, "watu watasema nimemtupa mama yangu."

Mimi nilitaka kusema jambo la dini, Mungu akanizuia. Kisha fimbo ya Bi Mwajuma ikatokeza katikati ya mapazia, kishikio mbele.

"Shika kamba yako," akasema.

Hamisi amekulia Bahi kati ya ng'ombe. Aliitazama ile fimbo, akaipokea kwa mikono miwili. Alipanda treni peke yake. Ilipoanza kuondoka tulimwona dirishani, ameisimamisha fimbo ya mama yake kati ya magoti, ameishika kama mzee.

Elia, kabla ya kuwasha gari, alishuka akaenda nyuma kuhakikisha tairi la tano lipo.

Basi wale mnaouliza kama nimelibadilisha gari kwa mke, jibu ni hapana. Nimeongeza shemeji. Nimemkatia fimbo nyingine, anasema ni fupi. Hamisi ameahidi kuja na ile yake wakati wa Idd. Gari liko uani kwangu, mapazia yamefungwa, viti vimetazamana, na sauti mnazozisikia humo tangu asubuhi ni zao. Anayetaka lifti aende akaombe dirishani. Mimi nilishaomba, nikaambiwa nafasi zimejaa.